Futikamba Kabla ya Kipanya: Kwa Anayejifunza Kuchora Nyumba kwa Kompyuta

Anayetaka kujifunza kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya siku hizi hakosi programu. Zipo za bure, zipo za kulipia, na mafunzo ya video yamejaa mtandaoni kwa yeyote mwenye bando. Jioni moja yamtosha kijana wa Rongo au Mbita kusimamisha kwenye skrini nyumba ya vyumba vitatu, yenye nyasi za kijani uani na gari jeupe mlangoni. Hapo ndipo wengi hupotelea. Picha ile inavutia, inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, inasifiwa, na aliyeichora anaamini ameijua kazi. Siku fundi anapouliza ukuta huu una unene gani, dirisha linaanzia futi ngapi kutoka sakafuni, na mvua ya upande wa ziwa itaingilia wapi, picha haina jibu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, na makala hii yote inautetea: nyumba ya kwanza kuichora isiwe nyumba ya ndoto. Iwe nyumba iliyokwisha kujengwa, ambayo unaweza kuingia ndani yake na futikamba mkononi, na uichore hadi kila kipimo cha kwenye skrini kilingane na cha ukutani.

Sababu ni kwamba kila programu ya kuchora nyumba huja na mazoea ya nchi ilikotungwa. Chukua Sweet Home 3D, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mtu asiyejua lolote. Ilianzishwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, ikatoka mara ya kwanza mwaka 2006, ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti, jambo lenye uzito kwa mtu anayehesabu bando. Inakubali kufanya kazi kwenye laptopu ya mitumba isiyo na nguvu nyingi. Lakini ifungue uanze kuchora ukuta bila kubadilisha chochote, na programu itakupa ukuta wa sentimita 7.5. Huo ni ukuta mwembamba wa kugawia vyumba katika nyumba za Ulaya. Hapa kwetu ukuta wa bloku za inchi sita una sentimita 15 kabla ya plasta, na plasta ya sentimita moja na nusu kila upande huufikisha 18. Sasa weka vyumba vitatu mfululizo, kila kimoja mita 3 kwa ndani. Kuta ni nne. Kwa kipimo cha programu nyumba itakuwa na urefu wa mita 9.30 kwa nje. Kwa ukuta halisi ni mita 9.72. Sentimita 42 zimepotea, na zitadaiwa mahali fulani siku ya kutandaza kamba za msingi. Kwa kawaida hudaiwa kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani, ambao kwenye mchoro ulikuwa wa mita 1.2 na katika nyumba iliyokamilika haupitishi kabati.

Samani nazo zina mambo yake. Vitanda vilivyomo ndani ya programu hizi vina vipimo vya maduka ya ng'ambo, ilhali seremala wa Awendo au Oyugis hutengeneza kitanda cha futi nne kwa sita, tano kwa sita, au sita kwa sita. Godoro la tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183, na juu ya hapo kuna fremu na ubao wa kichwani. Sebule ndiyo hudanganya zaidi. Programu itaweka kochi moja jembamba na meza ya kioo, chumba kionekane kipana. Ukweli wa sebule ya huku kwetu ni makochi ya watu saba yaliyovishwa vitambaa, meza ndogondogo, kabati la televisheni, na nafasi ya kuongeza viti vya plastiki wageni wakizidi. Pima makochi ya nyumbani kwenu, uyaingize katika programu kwa vipimo vyake, uyahifadhi kama samani zako. Kazi hiyo ni ya saa moja tu, na itakuokoa katika kila mchoro utakaoufanya baadaye.

Kupima nyumba iliyosimama si jambo la kubahatisha. Tafuta daftari la miraba, chora umbo la nyumba kwa mkono bila kujali uzuri, kisha muwe wawili, mmoja ashike ncha ya futikamba na mwingine asome. Pima urefu wa ndani wa kila chumba, unene wa ukuta kwenye nafasi ya mlango ambako unaonekana wazi, upana wa kila mlango na dirisha, na umbali wa kila kimojawapo kutoka kona iliyo karibu. Halafu pima hanamu mbili za kila chumba, yaani kutoka kona hadi kona ya kukabili. Mafundi hutumia kanuni ya tatu, nne na tano kupata kona ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinapaswa kuwa na hanamu za mita 5 kamili. Ukikuta moja ni mita 5.06 na nyingine 4.94, chumba kimepinda, ingawa macho hayakuwahi kukuambia. Programu haipendi kupinda. Itakuvuta kila mara kwenye digrii 90. Hapo anayeanza hujifunza jambo ambalo hakuna video inayolifundisha vizuri, kwamba mchoro ni ahadi, na fundi hujenga akiikaribia ahadi hiyo kwa kadiri kamba, timazi na pimamaji yake zinavyomruhusu. Mwisho jumlisha vipimo vya ndani na unene wa kuta, ulinganishe na urefu wa nje. Tofauti ikizidi sentimita tano, kuna mahali ulipokosea kusoma, na afadhali ukosee kwenye nyumba iliyokwisha simama.

Ukishaingiza vipimo hivyo kwenye kompyuta, usikimbilie kuweka rangi. Muulize mama mwenye nyumba ni wapi nyumba hiyo inamsumbua. Yeye ndiye anayejua kwamba mlango wa chumba cha kulala ukifunguliwa unagonga kitanda, kwamba mvua ya alasiri hulowesha mto ulio chini ya dirisha, kwamba kutoka jiko la nje hadi meza ya kulia ni safari ya kuzunguka nyumba nzima na sufuria ya moto mkononi. Badilisha jambo moja kwenye mchoro, tazama linavuruga nini kwingine, kisha lirudishe na ujaribu jingine. Mtu aliyesahihisha nyumba tatu za majirani kwa njia hii amejifunza usanifu zaidi ya aliyechora majumba ishirini ya kifahari kutoka kichwani mwake.

Jambo la vizio linastahili tahadhari. Huku kwetu mazungumzo ya ujenzi yako katika futi, lakini michoro rasmi ya Kenya huandikwa kwa milimita, na programu itafuata chochote ulichochagua siku ya kwanza. Chagua mita au milimita, na ujifunze kutafsiri kichwani: futi kumi ni mita 3.05. Kwenye ploti kosa hili lina gharama kubwa zaidi. Ploti ya hamsini kwa mia huitwa robo ya nusu ekari katika maongezi ya mawakala wa ardhi, ila hesabu inakataa. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, ilhali sehemu moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Kwa mita, ploti hiyo ni 15.24 kwa 30.48. Anayeanza anapoichora kama mita 15 kwa 30, au mbaya zaidi anapodhani ana sehemu ya nane kamili, nafasi ya kupitisha gari pembeni mwa nyumba au ya kuchimba shimo la choo mbali na kisima inaweza kutoweka. Ichore ploti kwanza, kwa vipimo vya mpimaji na vigingi vyake, kisha nyumba iingie ndani yake.

Tuje kwenye jua. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani humwambia mchoraji aelekeze sebule na madirisha makubwa kusini, kwa kuwa kwao jua huinama upande huo mwaka mzima na joto lake linatafutwa. Mji wa Homa Bay uko nusu digrii kusini mwa ikweta, Migori digrii moja na kidogo. Mwezi wa Juni jua letu la mchana huelekea kaskazini, Desemba huelekea kusini, na mwezi Machi na Septemba hupita utosini. (Kwa saa zetu huwa juu kabisa karibu saa saba kasorobo, kwa kuwa saa ya Kenya imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 na sisi tuko magharibi yake.) Maana yake kwa mchoraji ni kwamba kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kulindwa: upenu wa paa wa sentimita 60 hutia kivuli cha mita 1.3 hivi chini yake mchana wa Juni huko Migori. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka kiasi kwamba upenu uleule unatia kivuli cha sentimita 30 tu, na dirisha zima linachomwa. Kwa hiyo pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na magharibi kuwekwe stoo, bafu, au ukuta wenye madirisha madogo. Sweet Home 3D ina dira ambayo unaweza kuiwekea mahali halisi, kisha ukaomba picha ya nyumba saa fulani ya siku fulani. Iwekee Homa Bay, uitazame saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo picha inapofanya kazi yenye faida.

Upepo na mbu huenda pamoja na jua. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Madirisha yanayokabiliana kwenye kuta mbili za chumba hupitisha hewa, dirisha moja pekee halipitishi. Lakini huu ni ukanda wa malaria ya mwaka mzima. Kisiwani Rusinga, kati ya 2012 na 2015, mradi wa SolarMal ulifunga mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua nyumba kwa nyumba, ishara kwamba hata watafiti wanaihesabu nyumba yenyewe kuwa uwanja wa vita dhidi ya malaria. Uwazi kati ya ukuta na paa, ambao nyumba nyingi za hapa bado zinao, ni mlango wa mbu. Uzibe kwenye mchoro wako, uweke dari, na uandike neno wavu kwenye kila dirisha ili liingie katika hesabu ya gharama tangu mwanzo.

Kuna jambo ambalo programu zote hizi hazilijui kabisa, nalo ni boma. Zinachora nyumba moja iliyokaa peke yake kwenye nyasi. Dala, yaani boma la Wajaluo, haiko hivyo: nyumba ya mke wa kwanza huelekeana na lango, simba, yaani nyumba za wavulana, hukaa karibu na lango, jiko, ghala, zizi na makaburi vina mahali pake, na kila kizazi huongeza jengo. Wakuria na Abasuba wana taratibu zao. Mchoraji anayepuuza haya atatoa nyumba nzuri ambayo wazee wataikataa pale itakapojengwa, au ambayo itamziba mwana anayetarajiwa kujenga baadaye. Chora boma zima, hata kama umeajiriwa kuchora nyumba moja. Fikiria pia siku za msiba, maana katika kaunti hizi mwili hulazwa nyumbani na mamia ya watu huja. Mlango wa mbele wa sentimita 90 ambao programu inaupendekeza unapitisha mtu na kikapu. Jeneza lenye watu wanne au sita walioliinua linataka mlango wa mabawa mawili, wa sentimita 120 au zaidi, usiofuatwa mara moja na kona kali. Wengi huona haya kulitaja jambo hili mbele ya mteja. Litaje.

Chini ya nyumba ndiko programu inakodanganya zaidi, kwa kunyamaza. Skrini inaonyesha ardhi tambarare, ya kijani, ngumu. Mji wa Homa Bay umeketi kwenye mteremko unaoshuka ziwani, na vijiji vingi vya vilima vya Gwassi na Gembe ni hivyohivyo. Mteremko wa mita moja kwa kila mita kumi, ambao mtu akiutembelea anauona mdogo, unamaanisha kwamba nyumba ya urefu wa mita 12 itakuwa na msingi mrefu kwa mita 1.2 upande wa chini. Huo ni ukuta mwingine mzima wa mawe na kifusi cha kujazia, na mara nyingi ndio unaomaliza pesa kabla ya lenta. Paipu ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyojazwa maji, inatosha kupima tofauti hiyo kati ya vigingi viwili. Andika namba kwenye mchoro kando ya kila kona. Bonde la Lambwe na sehemu za Ndhiwa zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyowekwa juu yake bila kuuondoa au bila msingi wa kihandisi hupata nyufa kutoka kona ya dirisha hadi paa. Nyatike, kwa upande wake, imechimbwa dhahabu tangu enzi za mgodi wa Macalder, na mashimo ya wachimbaji wadogo hayaonyeshwi kwenye ramani yoyote. Na ufuoni, ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024, lilifuata watu hadi vitandani. Mchoraji anayeanza hawezi kutibu haya, ila anaweza kuuliza majirani na kuyaandika kwenye karatasi ili mhandisi ayaone.

Faida kubwa ya kompyuta, kwa mtu wa kipato cha kawaida, ni hesabu. Chukua ukuta wa mita 10 wenye kimo cha mita 2.7, wenye mlango mmoja wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2. Eneo lote ni mita za mraba 27. Ukitoa mlango na madirisha hubaki 21.5. Bloku yenye uso wa sentimita 40 kwa 20 pamoja na udongo wake wa kuungia huingia 12.5 kwa kila mita ya mraba, hivyo unahitaji bloku 269 badala ya 338 ambazo angekuagizia mtu anayezidisha urefu kwa kimo na kuishia hapo. Ongeza asilimia tano au kumi ya zinazovunjika. Kwa matofali ya kuchoma usitumie kipimo cha kitabu, kwa sababu kila tanuru lina fremu yake. Panga kumi mstari mmoja, upime, ugawanye.

Paa linaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Nyumba yenye upana wa mita 8, na upenu wa sentimita 60 kila upande, ina nusu ya mita 4.6 kutoka katikati hadi ukingo. Paa likiinuliwa kwa digrii 15, urefu wa mteremko ni mita 4.76. Likiinuliwa kwa digrii 25 ni mita 5.08. Mabati mawili ya mita 2.5 yanayopandana kwa sentimita 15 yanafunika mita 4.85. Maana yake paa la digrii 15 linafunikwa na safu mbili, na la digrii 25 linapungukiwa na sentimita 23, hivyo mwenye nyumba ananunua safu ya tatu ili kukata kipande kidogo na kutupa kilichobaki. Anayeagiza mabati ya kukatwa kwa kipimo kiwandani hapatwi na hilo. Anayenunua dukani kidogokidogo, na ndio wengi, hupatwa. Kuezeka paa ndani ya Sweet Home 3D ni kazi ya kuzungukazunguka, kwa hiyo hesabu hii ifanye pembeni kwa kikokotoo, au ujifunze SketchUp baada ya kumudu ramani ya chini. Ukishajua eneo la paa umejua pia maji yake: kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa lililofunika mita za mraba 100 hupokea lita 100,000 mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, kabla ya kinachopotea njiani. Tangi na mifereji ya paa vichorwe pamoja na nyumba.

Watakaonipinga wapo, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema muda wa kupima nyumba kuukuu ni wa kupoteza, kwa kuwa ramani zilizokwisha chorwa zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo. Ni kweli zinauzwa. Lakini aliyezichora hakujua mteremko wako, lango lako, wala mabati ya duka lako, na mtu asiyejua kupima hawezi hata kuona zimekosea wapi. Aliyewahi kupima anaweza kununua ramani kama hizo akazirekebisha, na sioni ubaya wowote kwake.

Wengine watasema mafundi wetu hujenga bila mchoro na nyumba zinasimama. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Huko Thimlich Ohinga, Migori, kuna boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kuungia tangu yapata miaka 500 iliyopita, nyingine zikipita kimo cha mita 4, na UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Waliozijenga hawakuacha karatasi. Walikuwa na maarifa ya kupanga mawe, na zaidi ya yote walikuwepo. Nyumba ya leo ina nyaya ndani ya plasta na mabomba chini ya sakafu, na mara nyingi mwenyewe yuko Nairobi au Mombasa akituma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Asiyekuwepo hawezi kuashiria kwa kidole dirisha likae wapi. Mchoro wenye vipimo ndio unaosema kwa niaba yake, na pia unamlinda fundi siku mwenye nyumba atakapodai hakuagiza hivyo.

Kuna wanaosoma ujenzi katika vyuo vya ufundi kama Mawego watakaosema kwamba soko la kazi linataka AutoCAD, ArchiCAD au Revit, kwa hiyo kujifunza programu ya bure ni kuchelewa. Wana haki kuhusu soko. AutoCAD ipo tangu 1982 na ofisi nyingi zinaitumia. Mwanafunzi aliyesajiliwa anaweza kuipata bila malipo kutoka kwa kampuni yenyewe. Anayetaka kazi ya ofisini aelekee huko. Ila aende baada ya miezi michache ya kupima, kwa maana amri za AutoCAD zinafundishika kwa wiki kadhaa, na jicho la kuona kwamba choo kimekaa vibaya halipatikani kwenye menyu yoyote. Nawasihi sana waepuke nakala za wizi zinazouzwa kwa flashi. Zinabeba virusi, na faili la mteja likiharibika usiku wa kuamkia siku ya kulikabidhi, hakuna wa kumlilia. Stima nayo hukatika. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, na uweke nakala ya pili nje ya laptopu.

Na simu? Simu inatosha kupigia picha kuta, kurekodi vipimo kwa sauti, na kumwonyesha mteja mchoro. Kuchorea ni taabu, kwa sababu kidole kinafunika sehemu pana kuliko ukuta wenyewe. Programu za kuchorea ndani ya kivinjari, kama SketchUp ya bure, zinadai intaneti muda wote. Kama huna kompyuta, saa mbili za saiba kwa wiki, ukiwa umefika na daftari lililojaa vipimo, zinazaa matunda kuliko siku nzima ya kuhangaika na skrini ya simu. Kuhusu akili unde inayodai kuchora nyumba kwa sentensi moja, itakupa haraka picha ileile ya nyasi na gari jeupe. Vipimo bado utavitafuta mwenyewe.

Pingamizi ninalolikubali bila kubishana ni la sheria. Kujua kuchora hakumfanyi mtu kuwa msanifu majengo. Sura ya 525 ya sheria za Kenya inalinda jina hilo kwa waliosajiliwa na bodi inayojulikana kama BORAQS. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inasajili miradi na wakandarasi, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Nyumba nyingi za mashambani huinuliwa bila lolote kati ya haya, na mwenye nyumba hujiona mjanja hadi siku anapotaka mkopo wa benki au kuongeza ghorofa. Ghorofa hasa isichezewe. Jengo lililoporomoka Huruma, Nairobi, mwezi Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilikuwa limesimama na watu wakiishi ndani. Programu ya nyumbani itakuruhusu kupandisha sakafu tano juu ya ukuta wa sentimita 7.5 bila kukuonya hata mara moja. Kazi yako wewe unayejifunza ni kufika kwa msanifu na mhandisi ukiwa na vipimo vya ploti, tofauti za urefu wa kona, mpangilio wa boma na mahitaji ya watakaoishi humo, ili muda unaoulipia utumike kwa nguvu ya jengo na si kwa kuulizana vyumba vingapi.

Basi chapisha mchoro wako kwenye karatasi ya A3, vipimo vikionekana, uupeleke kwa aliyesajiliwa na baadaye kwa ofisi ya mipango ya kaunti, Homa Bay au Migori. Fundi asichimbe hata futi moja ya msingi kabla karatasi hiyo haijarudi na mhuri.